Gitaa Kavu la Shilingi 8,500 na Mfupa wa Ng'ombe

Hamjambo watazamaji wangu, na karibuni tena kibarazani kwetu hapa Manyatta, Kisumu. Gitaa mnaloliona mapajani mwangu nimekaa nalo kwa miezi minne sasa, na wengi wenu mmeniuliza kama linafaa kununuliwa na mtu anayeanza, hasa yule anayetaka kupiga benga, muziki wetu wa gitaa wa kando ya ziwa, na si kusindikiza nyimbo kwa kordi tatu tu. Sitalitaja jina lake, kwa kuwa nimeliona gitaa hili hili, mbao zile zile na rangi ile ile, likiuzwa kwa majina mawili tofauti katika maduka yaliyo mtaa mmoja. Jina la kichwani halitawasaidia. Mtakalosaidiwa nalo ni kujua mahali pa kutazama.

Leo nimealika wageni wawili. Kulia kwangu ameketi Mwalimu, jirani yetu mstaafu mwenye asili ya Vihiga, ambaye alianza kupiga gitaa kabla mimi sijazaliwa. Kushoto yuko mjomba wangu, shabiki wa benga asiyejua kupiga hata uzi mmoja lakini anayejua kusikia, na watu wa namna hiyo huwa na hukumu kali kuliko wapigaji. Sauti mnayoisikia nyuma ni ya kwarara walio juu ya mti wa jirani. Tumewasubiri wanyamaze kwa nusu saa, wakakataa, kwa hivyo tunaendelea nao.

Nianze na umbo lenyewe. Ni gitaa kavu, yaani lisilo la umeme, la nyuzi sita za chuma, lenye bega moja lililokatwa ili mkono ufike juu ya shingo. Kwa mpigaji wa kwaya jambo hilo ni urembo, lakini kwa mpiga benga ni haja, kwa sababu gitaa la kwanza la benga huishi huko juu, likijibu kila mstari wa mwimbaji na kisha kubaki peke yake wakati waimbaji wamenyamaza na watu wamesimama kucheza. Tumbo lake ni la mbao za tabaka, si ubao mmoja mzima, na hilo silihesabu kuwa kasoro, maana hapa kwetu penye joto na unyevu wa ziwa, mbao za tabaka hazipasuki wala kujipinda upesi kama ubao mzima. Sauti yake ni nyembamba kidogo. Mjomba anasema inafanana na redio ya mkulima, na mnapaswa kujua kwamba kwake hiyo ni sifa.

Kasoro kubwa niliigundua siku ya kwanza. Nilipolishika gitaa na kubana kordi ya fa pale freti ya kwanza, yaani kile chuma cha kwanza kinachokatiza shingo, vidole viliuma kana kwamba nimeshika waya wa seng'enge, na sauti ikatoka imepanda kuliko inavyotakiwa ingawa nilikuwa nimelipatanisha vizuri kwa kifaa cha simu. Mwalimu alilipokea, akapiga mara mbili, akanirudishia akisema, "Mwanangu, chombo hiki kinataka vidole vya makanika." Hakukosea. Tatizo lilikuwa kwenye kile kipande kidogo cheupe kilicho mwisho wa shingo, ambacho hushika nyuzi kabla hazijaingia kichwani. Mimi hukiita kidaraja cha juu. Mifereji yake ilikuwa imechongwa kwa kina kidogo mno, kwa hivyo nyuzi zilisimama juu, na mtu akibana freti tatu za kwanza huwa anauvuta uzi kuliko inavyohitajika, na uzi uliovutwa hupandisha sauti. Hakuna kupatanisha kutakakoponya ugonjwa huo.

Njia ya kuupima ni rahisi, na nawasihi muifanye dukani kabla ya kutoa pesa. Bana uzi kwenye freti ya tatu, kisha tazama nafasi iliyopo kati ya uzi huo na chuma cha freti ya kwanza. Panatakiwa pawe na upenyo mwembamba ambao karatasi moja tu ingepita. Katika gitaa hili njiti ya kiberiti ingepita na kupiga kona. Halafu nenda freti ya kumi na mbili, ambayo ndiyo nusu kamili ya uzi, na ulinganishe sauti mbili: ile ya kuugusa uzi kidogo juu ya chuma na kuuachilia, na ile ya kuubana. Zikipishana sana, mwuzaji akikwambia kwamba utazoea, mshukuru na uondoke. Mimi sikuondoka, kwa kuwa nilipenda bega lile na nilikwisha kuamua la kufanya.

Kidaraja kile kilikuwa cha plastiki, tena chenye uwazi ndani. Magitaa bora hutumia mfupa wa ng'ombe mahali hapo, kwa sababu mfupa ni mgumu, hauumi uzi, na haumezi mtetemo kama plastiki laini inavyofanya. Basi nilikwenda buchari nikaomba mfupa wa mguu wa mbele, ule mnene ulionyooka, na mwenye buchari akaniuliza kama ni wa supu au wa mbwa. Nilipomweleza ni wa gitaa, alinitazama kwa muda, akaukata bila malipo. Niliutoa uboho, nikauchemsha kwa saa kadhaa ili mafuta yatoke, nikauosha kwa sabuni ya unga, nikauacha kivulini kwa wiki mbili. Kisha nikakata kipande kwa msumeno wa chuma, nikakisugua kwa msasa mpaka kikaingia pahali pake bila kulazimishwa, nikachonga mifereji sita kwa tupa ndogo. Mtakaojaribu, fungeni kitambaa puani, maana vumbi la mfupa si zuri kwa mapafu, na harufu yake ni ya nywele zinazoungua. Paka wetu alikaa miguuni pangu tangu mwanzo wa kazi hiyo hadi mwisho, akiamini kwamba shughuli nzima ilikuwa kwa ajili yake.

Jambo hilo la mfupa ndilo lililozaa mazungumzo yetu ya leo, kwa sababu Mjomba alicheka na kusema kwamba hatimaye gitaa limekuwa chombo cha nyumbani. Yuko sahihi zaidi ya anavyodhani. Nyatiti, kinubi chetu chenye nyuzi nane, huwambwa ngozi ya ng'ombe, na zamani hata nyuzi zake zilikuwa kano za ng'ombe kabla ya nailoni za wavuvi kuchukua nafasi hiyo. Orutu, fidla yenye uzi mmoja, huwambwa ngozi ya kenge. Na gitaa lenyewe, kabla halijatufikia, lilikuwa na wanyama wengi ndani yake: nyuzi zilitengenezwa kwa utumbo wa kondoo hadi miaka ya 1940, vita vilipoadimisha utumbo na nailoni ikaingia, na vile vipande vya kudonolea vilitengenezwa kwa gamba la ng'amba, kasa wa baharini, hadi biashara yake ya kimataifa ilipopigwa marufuku katika miaka ya 1970. Mwalimu amenikumbusha kwamba kondoo bado anatudai heshima.

Sasa tuje kwenye matokeo. Baada ya kuweka mfupa nilibadilisha pia nyuzi. Zilizokuja na gitaa zilikuwa za namba 12, yaani uzi mwembamba kuliko zote una unene wa sehemu 12 za elfu moja za inchi, na seti ya namna hiyo huivuta shingo kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 70, kama mtu mzima anayening'inia hapo usiku na mchana. Niliweka namba 10, zenye mvuto mdogo zaidi. Urefu wa uzi mnene juu ya freti ya kumi na mbili ulikuwa milimita tatu na nusu. Nilisugua kile kipande cha daraja la chini, lililo tumboni mwa gitaa, mpaka urefu huo ukawa milimita mbili na nusu. Kordi ya fa sasa inashikika hata na mtoto.

Kwa jaribio la kwanza Mjomba alichagua benga ya D. O. Misiani na bendi yake ya Shirati, na mtu yeyote wa kando ya ziwa anajua kwamba huo si mtihani wa kubahatisha. Misiani, mzaliwa wa Shirati upande wa Tanzania aliyefariki mwaka wa 2006, alipenda kusema mambo mazito kwa mafumbo ya wanyama, na Mjomba hawezi kuketi dakika kumi bila kukumbusha watu kwamba wimbo wake "Bim en Bim" maana yake ni nyani ni nyani. Mbali na maneno, kinachopima gitaa hapo ni ule udonoaji mkali wa noti moja moja, uliorithiwa kutoka kwa nyatiti, ambapo kila noti inatakiwa isikike imekatika safi na isiegemee jirani yake. Kutoka freti ya tano hadi ya kumi na mbili, gitaa hili linafanya kazi hiyo kwa furaha, na ule wembamba wa sauti niliousema unageuka kuwa faida. Kuanzia freti ya kumi na nne linaanza kuchoka. Uzi wa pili unavuma, bzzz, kama nzi aliyenaswa kwenye chupa, na nimegundua kwamba mbwa wa jirani huondoka kibarazani kila ninapoifikia noti hiyo. Mbwa husikia hadi mitetemo 45,000 hivi kwa sekunde, wakati sisi tunakomea 20,000, kwa hivyo huenda anayasikia makosa yangu ambayo ninyi hamyasikii.

Mwalimu naye alichagua omutibo. Kwa vijana wasioujua, huo ni upigaji wa Waluhya wa vidole viwili vitatu, ambapo kidole gumba hutembeza besi huku cha shahada kikiimba juu, na mwenzako akigonga na kukwaruza chupa ya Fanta kwa kipande cha chuma. George Mukabi, aliyefariki mwaka wa 1963, ndiye anayetajwa kwanza mtindo huo unapozungumzwa, na Mwalimu humtaja kama watu wengine wanavyomtaja babu yao. Alifunga penseli na mpira kwenye freti ya pili badala ya kapo, kile kibanio cha kubana nyuzi zote, akapiga. Hapa ndipo gitaa liliponishangaza. Besi yake, ambayo mimi niliidharau, ilitoka fupi na kavu, isiyofunika ule uimbaji wa juu. Gitaa kubwa la bei ghali lenye besi nzito lingeivuruga omutibo. Mwalimu alipomaliza alisema neno moja tu, "Linasikia," na kwa mwalimu aliyewahi kusahihisha maelfu ya insha, hiyo ni alama ya juu.

Wimbo wangu mimi ni "Kothbiro" wa Ayub Ogada, ambao uliimbwa kwa nyatiti na si kwa gitaa, lakini nimeuhamishia kwenye nyuzi hizi kwa kushusha uzi wa sita hadi re. Anamwita Auma, anamwambia mvua inakuja, ng'ombe warudishwe nyumbani. Sijui wimbo mwingine unaoweza kuimbwa kwa mtu aliyeko malishoni na akautii. Kwa nyimbo za utulivu namna hiyo gitaa hili halitoshi, niseme kweli. Noti hazikai hewani; unapiga, unahesabu moja, mbili, imekwisha. Mwalimu anafuga ng'ombe wawili kule Riat, na ameapa kwamba mmoja hushusha maziwa vizuri akipigiwa gitaa. Tulimcheka, nikamtetea kwa utafiti wa Chuo Kikuu cha Leicester, Uingereza, wa mwaka wa 2001, ambao ulikuta kwamba muziki wa polepole uliongeza maziwa kwa lita 0.73 kwa ng'ombe mmoja kwa siku, ilhali wa kasi haukuongeza kitu. Mjomba amekataa katakata kwamba ng'ombe wa Kisumu hawezi kufurahia benga.

Kuhusu utunzaji nitasema machache. Nyuzi za chuma hushika kutu upesi hapa, zifuteni kwa kitambaa kikavu kila mnapomaliza. Mkoba unaokuja na gitaa ni kitambaa chepesi kisichozuia hata manyunyu, msiuhesabu. Msiliache gitaa wazi ukutani usiku, kwani mimi nililitikisa asubuhi moja nikidhani ni kipande cha kudonolea kilichoangukia ndani ya tundu, akatoka mjusi akiwa na hasira. Vigingi vya kukazia nyuzi vimeshika vizuri kwa miezi yote minne, isipokuwa cha uzi wa tatu, ambacho hulegea kila baada ya nyimbo mbili.

Kwa hesabu, gitaa lilikuwa shilingi 8,500, nyuzi 700, msasa na tupa 450, mfupa bure. Anayetaka benga na omutibo, na asiyeogopa kushika tupa, anunue. Anayetaka nyimbo za taratibu, au asiye na subira ya wiki mbili za kukausha mfupa, aongeze pesa kidogo atafute lenye kidaraja kilichochongwa vizuri tangu kiwandani, nalo alipime kwa freti ya tatu kama nilivyoonyesha. Wale waliouliza kama lina sauti ya kutosha kupigwa bila spika, tutawaonyesha sasa hivi bila kurekebisha chochote. Mjomba, mshike paka asiingie mbele ya kamera. Mwalimu, chupa unayo? Basi anza wewe, nami nitaingia baada ya mizunguko minne.