Plagi za gari lililoongezewa nguvu: ipi ununue, ipi uiache

Ukishaiongezea injini nguvu, iwe kwa turbo, supachaja, kompresheni ya juu au kwa kubadilisha programu ya kompyuta yake, plagi zilizotoka nayo kiwandani zinaanza kufanya kazi ambayo hazikutengenezewa. Hapo wengi hukimbilia kuuliza habari ya madini: ninunue iridiamu au platinamu? Kwangu mimi hilo ni swali la tatu. La kwanza ni daraja la joto, yaani kasi ya plagi kutoa joto kwenye ncha yake, la pili ni pengo, ile nafasi ambayo cheche inairuka. Plagi ya iridiamu yenye daraja lisiloifaa injini yako inaweza kukutobolea pistoni, wakati plagi ya kawaida ya nikeli yenye daraja sahihi ingefanya kazi ileile bila wasiwasi. Kwa hiyo tuanze na namba, orodha itafuata.

Daraja la joto

Ncha ya plagi inatakiwa ikae kwenye nyuzi joto 500 hadi 800 hivi za Selsiasi. Ikipoa kuliko hapo, masizi hayaungui. Yanajaa kwenye kauri, umeme unapitia humo badala ya kuruka pengo, na gari linaanza kumisi, yaani kukosa kuwaka baadhi ya mara. Ikipanda mno, ncha inageuka kaa la moto na kuwasha mchanganyiko wa hewa na petroli kabla cheche haijatoka. Pistoni bado inapanda, moto unaisukuma chini. Injini yenye turbo haivumilii hali hiyo kwa muda mrefu, na mara nyingi dereva hasikii chochote mpaka uharibifu uwe umeshatokea.

Plagi baridi ni ile ambayo kauri yake ya ndani ni fupi, hivyo joto la ncha linapita upesi kwenda kwenye bodi ya plagi na silinda hedi. Cheche yake haina udhaifu wowote, na plagi yenyewe haiipunguzii injini moto wala nguvu. Kila hatua moja ya daraja hushusha joto la ncha kwa nyuzi 70 hadi 100 hivi. Kanuni ya kuanzia inayotolewa na NGK, kampuni inayotengeneza plagi, ni kushuka hatua moja kwa kila nguvu za farasi 75 hadi 100 ulizoongeza. Mimi naichukua kama mahali pa kuanzia tu, maana injini inayozunguka uwanja wa mbio kwa nusu saa inahitaji plagi baridi kuliko ileile inayokanyagwa sekunde chache barabarani kisha ikaachwa ipumzike.

Mtego mkubwa uko hapa. Kwa NGK na Denso, namba ikipanda plagi ni baridi zaidi. Kwa Bosch na Champion ni kinyume: namba ikipanda, plagi ni ya moto zaidi. Hata NGK na Denso hawatumii kipimo kimoja. 6 ya NGK inalingana na 20 ya Denso, 7 na 22, 8 na 24, 9 na 27. Ukihama kampuni, usihesabu kichwani. Tumia jedwali la ulinganisho la mtengenezaji mwenyewe.

Chukua plagi ya NGK iliyoandikwa BKR6E-11 uisome. B ni tredi ya milimita 14. K ni kichwa cha soketi ya milimita 16. R ni rizista ya ndani, inayopunguza kelele ya umeme. 6 ni daraja la joto. E ni urefu wa tredi, milimita 19. 11 ni pengo la milimita 1.1. Ukiibadilisha kwa BKR7E umegusa mambo mawili kwa mpigo: umeshuka hatua moja ya joto, na umechukua pengo dogo zaidi. Kwa gari la turbo mara nyingi hayo mawili ndiyo uliyokuwa unayataka. Herufi ya urefu ndiyo usiyoruhusiwa kuichezea. Tredi ikizidi urefu inaingia ndani ya chumba cha kuunguzia, inapata moto na inaweza kukutana na pistoni.

Pengo

Hewa ikibanwa zaidi ndani ya silinda, cheche inahitaji volti nyingi zaidi kuvuka pengo lilelile. Ndiyo maana gari linalokwenda vizuri mjini linaanza kukohoa pale turbo inapojaa: koili, inayozalisha umeme wa cheche, imeishiwa nguvu. Kwa turbo ya wastani anza na milimita 0.7 hadi 0.8. Shinikizo likiwa kubwa sana, watu hushuka hadi 0.6 na hata 0.5. Punguza kwa 0.1 tu kila mara, na usimame pale kumisi kunapokoma, kwa sababu pengo dogo kupita mahitaji linatoa cheche fupi na injini inatetemeka ikiwa sailensa, yaani inaunguruma bila kukanyagwa. Kama umefika 0.5 na bado inamisi, acha kulaumu plagi. Kagua koili.

Sasa orodha

Ya kwanza, kwa gari linaloendeshwa kila siku na lina turbo: iridiamu yenye ncha nyembamba, hatua moja baridi kuliko ya kiwandani. Mfano ni NGK Iridium IX yenye ncha ya milimita 0.6, au Denso Iridium Power ya milimita 0.4. Sababu ya kuipa nafasi hii ni wembamba wa ncha, ambao unapunguza volti zinazohitajika kuruka pengo, na volti ndizo turbo inazozila. Ncha nyembamba kiasi hicho ingeliwa upesi kama ingekuwa ya nikeli, lakini iridiamu inayeyuka kwenye nyuzi zaidi ya 2,400, nikeli kwenye 1,455. Tahadhari mbili. Mkono wa pembeni wa plagi hizi, ule ambao cheche inaurukia kutoka kwenye ncha, ni wa nikeli, kwa hiyo usitegemee kilomita 100,000 zinazoandikwa kwenye plagi za muda mrefu. Kwenye injini iliyoongezewa nguvu zitoe mapema uzikague. Na unaporekebisha pengo, pinda mkono wa pembeni peke yake. Ile geji ya duara inayosukumwa kati ya ncha na mkono inaweza kuvunja iridiamu, nayo ikivunjika plagi imekufa.

Ya pili, na kwa baadhi ya magari ndiyo ya kwanza: nikeli yenye kiini cha shaba, hizi ambazo mafundi huziita plagi za shaba. Ncha yake ni nene, milimita 2.5 hivi, inavumilia kurekebishwa pengo mara kwa mara, na bei yake haiumizi. Wakati gari bado liko kwa fundi anayelityuni, mchanganyiko unabadilishwa na plagi zinaweza kuchafuka mara kwa mara. Kuweka iridiamu katika hatua hiyo ni kupoteza pesa. Weka nikeli, zisome, zitupe, weka nyingine. Wapo wanaoenda mbio nazo msimu mzima kwa sababu ni rahisi kuzibadilisha kabla ya kila shindano. Kasoro yake ni kwamba kingo za ncha zinaliwa haraka, pengo linapanuka, na kumisi kunarudi. Usizisahau humo ndani.

Ya tatu ni plagi za muda mrefu za kiwandani, iridiamu katikati na kipande cha platinamu kwenye mkono. Zinafaa kama ulichofanya ni kubadilisha programu tu na shinikizo halikupanda sana. Hapa kuna njia nzuri ya kuchagua: kama mtengenezaji wa gari ana toleo lenye nguvu zaidi la injini hiyohiyo, tazama plagi aliyoiwekea. Mara nyingi ni baridi kwa hatua moja, na umbo la ncha limeshathibitishwa kwa kichwa kilekile. Zinafaa pia kwa injini ambazo koili moja inawasha plagi mbili, maana mojawapo inawaka kwa umeme wa kinyume na mkono wake wa pembeni unaliwa.

Ya nne ni plagi za mbio zenyewe, baridi sana, zenye mkono mfupi au ncha isiyochomoza. Kwa naitrasi (gesi inayoingizwa kwenye injini kuiongezea nguvu) na shinikizo kubwa mno ni za lazima, kwa sababu mkono mrefu mwembamba unapata moto wa kuwasha mchanganyiko mapema. Kwenye foleni zitajaa masizi. Baadhi hazina rizista, na kelele yake ya umeme inaweza kuvuruga sensa na kompyuta ya injini, kwa hiyo angalia kabla ya kulipa.

Plagi zenye mikono miwili, mitatu au minne nimeziweka mwisho. Cheche inaruka kwenye mkono mmoja tu kwa wakati, mingine inasubiri. Kinachoongezeka ni maisha ya plagi, nguvu haiongezeki, na pengo lake ni gumu kurekebisha. Kama injini yako haikutoka nazo kiwandani, ziache.

Kabla na baada ya kufunga

Plagi bandia ziko nyingi, hasa za iridiamu. Linganisha seti nzima kabla ya kulipa: maandishi kwenye kauri yawe safi, ncha ikae katikati kabisa ya mkono, washa (pete iliyo chini ya kichwa cha plagi) isicheze, mapengo yasipishane ovyo. Ncha nene kwenye boksi lililoandikwa iridiamu inatosha kukufanya urudishe mzigo.

Funga injini ikiwa imepoa. Ingiza kwa mkono mpaka washa iguse, kisha spana ya torki: tredi ya milimita 14 kwenye hedi ya alumini ni 25 hadi 30 Nm, ya milimita 12 ni 15 hadi 20. Usipake grisi kwenye tredi. Plagi nyingi za sasa tayari zimepakwa madini ya kuzuia kutu, na ulaini wa grisi utakufanya uikaze kupita kiasi bila kujua.

Baada ya kuivuta injini kwa nguvu mara chache, zitoe zote na uzipange kwa mpangilio wa silinda. Kauri ya rangi ya kahawia hafifu ni nzuri. Masizi meusi makavu yanaonyesha petroli nyingi au plagi baridi mno. Kauri nyeupe yenye malengelenge, au vidoa vidogo vinavyong'aa vya alumini juu yake, ni dalili ya kugonga (mchanganyiko kulipuka ovyo ndani ya silinda) au joto kupita kiasi, na vile vidoa vinaweza kuwa vimetoka kwenye pistoni. Ukiviona hata kwenye silinda moja, usilikanyage tena gari hilo mpaka fundi apunguze shinikizo au arekebishe muda wa cheche.