Uzoefu wangu na diski ya "The African Queen": Katharine Hepburn kwa karibu

Niliagiza diski hii ya filamu ya mwaka 1951 kwa ajili ya mwigizaji wake, Katharine Hepburn. Kwa miaka mingi nilikuwa na nakala iliyofifia, ambamo uso wake ulionekana kama umepakwa unga, hivyo toleo hili lililosafishwa mwaka 2010 limenirudishia rangi, na pamoja na rangi limenirudishia mwigizaji mwenyewe. Muuzaji alinitumia kasha lililopasuka pembeni, lakini diski ilikuwa salama.

Nilitazama pamoja na mama yangu, mzaliwa wa Kigoma, nikimtafsiria sentensi moja moja. Mwanzoni Rose, anayeigizwa na Hepburn, dada wa mmisionari katika Afrika Mashariki ya Kijerumani mwaka 1914, anapiga kinanda kanisani huku akiimba. Sasa jasho linaonekana kwenye paji la uso, na shingo imekakamaa ndani ya ukosi uliofungwa hadi kooni. Kabla sijamweleza lolote, mama alisema, "Mwanangu, huyu dada anaumwa." Alikuwa sahihi. Hepburn, ambaye mwaka huo wa 1951 alitimiza miaka 44, aliugua sana tumbo la kuhara wakati filamu ikipigwa Kongo na Uganda, na katika onyesho hilo ndoo iliwekwa karibu naye kwa ajili ya kutapikia.

Mwongozaji, John Huston, alimshauri amchukue Eleanor Roosevelt, mke wa Rais Franklin Roosevelt wa Marekani, kuwa mfano, kwa tabasamu lake alipokuwa akiwatembelea askari majeruhi. Ukilijua hilo, utaliona tabasamu likipanda polepole kila hatari inapokaribia, na utaelewa kwa nini mwanamke ambaye mwaka 1938 wenye majumba ya sinema Marekani walimwita sumu ya mauzo aliweza kurudi na hatimaye kutwaa Oscar 4 za mwigizaji bora wa kike. Oscar ya filamu hii ilikwenda kwa Humphrey Bogart, mwigizaji mwenzake, na ingawa aliistahili, bado naumia kwa niaba ya Hepburn.

Kasoro inayonisumbua ni ya filamu yenyewe: wanakijiji wenzetu wanaimba na kukimbia, lakini hawapewi neno la maana.

Meli ya Wajerumani ilipotokea ziwani, nilimwambia mama kwamba hadithi hiyo inahusishwa na Graf von Götzen, meli ya Wajerumani ya Ziwa Tanganyika ambayo baadaye iliitwa Liemba, ile ile aliyoipanda usichanani. Alitikisa kichwa, kisha akaniomba nimrudishie pale kwenye kinanda.