TAHADHARI: Kabla hujalipa dipoziti ya nyumba ya ramani hapa Nairobi

Wenzangu mnaotafuta nyumba ya kununua Nairobi, na hasa nyinyi mlio Doha, Dubai, Riyadh na Marekani ambao hamwezi kufika kujionea, someni hili kabla ya kutuma hata shilingi moja. Kuna kampuni inayouza nyumba za ghorofa za ramani, yaani zinazouzwa kabla hazijajengwa, upande wa Barabara ya Thika. Jengo lenyewe limekwama, na nyumba zilezile zimeuzwa kwa watu zaidi ya mmoja. Jina silitaji hapa kwa sababu shauri liko kwa wapelelezi na wakili wetu ametuomba tusubiri. Ila nitaeleza wanavyofanya, na yeyote aliyewahi kuzungumza nao atawatambua.

Dada yangu mdogo ni muuguzi Doha. Aliona tangazo lao Facebook: video ya droni, bwawa la kuogelea, watoto wakicheza kwenye nyasi. Nyumba ya vyumba viwili vya kulala kwa shilingi milioni 6.8, ulipe asilimia 20 kwanza, salio kwa miezi 24 bila riba. Akaambiwa bei hiyo ya uzinduzi inaisha Jumapili. Baadaye tuligundua kwamba hiyo Jumapili ilikuwa ikisogezwa kila wiki. Akalipa milioni 1.36, kisha akaendelea kutuma kila mwezi kutoka kwenye mshahara wake wa zamu za usiku.

Naomba mtu asije hapa kusema walionunua ni wajinga. Tazameni hali ya mji huu. Kilimani na Kileleshwa, vyumba viwili mara nyingi utaambiwa milioni kumi na kwenda juu. Ukienda benki kukopa milioni 6.8 kwa riba ya asilimia 14 kwa miaka 20, unalipa zaidi ya shilingi 84,000 kila mwezi. Ni mwalimu gani, ni muuguzi gani wa hapa nyumbani anayebaki na hizo baada ya karo na chakula? Ndiyo maana mikopo ya nyumba inayohesabiwa na Benki Kuu ni takriban elfu 30 tu katika nchi nzima yenye watu zaidi ya milioni 50. Mtu akikuletea nyumba ya kulipia kidogo kidogo bila riba, moyo unakubali kabla akili haijauliza.

Na swali la kuuliza ni hili: pesa za kujenga zinatoka kwa nani? Zinatoka kwako. Wewe ndiye unayemkopesha mjenzi. Benki ikimkopesha huyohuyo, inachukua hati yake kwanza, inaandikisha rehani kwenye rejista ya ardhi, kisha ndipo inatoa pesa. Wewe unatoa zako kwa picha na risiti. Siku mambo yakiharibika benki itauza kiwanja, nawe utabaki na makaratasi.

Ndivyo ilivyo kwa jengo hili. Tulipofanya sachi rasmi (kukagua kumbukumbu za rejista ya ardhi) ya hati mama, yaani hati ya kiwanja chote, tulikuta kiwanja kimewekwa rehani benki kabla nyumba ya kwanza haijauzwa. Hakuna mnunuzi aliyeambiwa. Tena mwenye kiwanja kwenye rejista si ile kampuni iliyo kwenye tangazo, na akaunti iliyokuwa ikipokea pesa ina jina la tatu kabisa. Majina matatu kwa jengo moja. Hii ndiyo alama yao kubwa, ishikeni: linganisheni jina la tangazo, jina la akaunti na jina lililo kwenye hati. Yakitofautiana, dai maelezo kwa maandishi na umpelekee wakili wako.

Nasema wakili wako, si wao. Hawa huwaambia wanunuzi wasihangaike kulipia wakili kwa sababu kampuni ina wake, na huduma ni ya bure. Wakili huyo anamtumikia muuzaji, na mkataba aliouandika unaonyesha hivyo. Ukijiondoa unapoteza asilimia 30 ya ulichokwisha kulipa, na kinachobaki utarudishiwa nyumba yako ikipata mnunuzi mwingine. Wao wakichelewa, hakuna adhabu yoyote. Tarehe ya kukabidhi imeandikwa kuwa ni ya makadirio. Nimeusoma mkataba huo ukurasa kwa ukurasa na hamna kifungu hata kimoja kinachomlinda anayelipa.

Jengo lilipokwama kwenye ghorofa ya tatu visingizio vilianza. Mara bei ya chuma imepanda, mara kaunti imechelewesha kibali. Kuna kundi la WhatsApp la wanunuzi, lakini ni wao tu wanaoweza kuandika humo. Anayewapigia kuuliza maswali magumu huondolewa. Tulifahamiana kwa kutafutana namba mmoja mmoja kutoka kwenye orodha ya wanachama. Tukaanza kulinganisha mikataba, na hapo ndipo dada yangu akakuta namba ya nyumba yake kwenye mkataba wa baba mmoja mstaafu wa Nakuru aliyelipa kwa pensheni yake. Ghorofa ileile, namba ileile, sahihi ileile ya mkurugenzi. Mzee huyo aliniuliza kwenye simu, "Sasa mwanangu, mwenye nyumba ni nani?" Sikuwa na la kumjibu.

Wengine watasema dawa ni kununua kiwanja ujenge mwenyewe. Huko nako tembea na macho. Novemba 2011 nyumba zilibomolewa Syokimau kwa sababu ardhi ilitajwa kuwa ya Mamlaka ya Viwanja vya Ndege. Oktoba 2023 ikawa zamu ya Mavoko, kwenye ardhi ambayo mahakama ilisema ni ya kampuni ya saruji ya East African Portland. Watu walibomolewa majumba waliyokuwa wameishi na kulea watoto humo. Na mwaka huohuo, mwezi wa Aprili, Mahakama ya Juu iliamua katika kesi ya Dina Management ya Mombasa kwamba kuwa na hati hakutoshi ikiwa ardhi ilitolewa kinyume cha sheria tangu mwanzo, hata kama wewe ulinunua kwa nia njema. Kwa hiyo sachi ya leo pekee haitoshi. Mwambie wakili afuatilie historia yote ya kiwanja mpaka kilipotoka kwa serikali mara ya kwanza.

Kwa nyumba za ramani, fanya sachi wewe mwenyewe. Viwanja vingi vya Nairobi viko kwenye Ardhisasa, mfumo wa ardhi wa mtandaoni ulioanza 2021, kwa hiyo usikubali nakala ya sachi ambayo muuzaji amekuletea ikiwa tayari imechapishwa. Ukikuta rehani, usikimbie papo hapo, maana wajenzi wengi wa kweli hukopa. Lakini dai barua ya benki inayokubali mauzo na kuahidi kuiondoa nyumba yako kwenye rehani ukimaliza kulipa. Asiyeweza kuipata barua hiyo hana nyumba ya kukuuzia. Uliza kibali cha kaunti, usajili wa mradi kwa NCA (mamlaka ya ujenzi) na leseni ya NEMA (mamlaka ya mazingira), kisha uthibitishe katika ofisi zenyewe. Mkataba useme wazi kwamba utapata hati ya nyumba yako mwenyewe chini ya Sheria ya Sectional Properties ya 2020 (inayohusu hati za nyumba moja moja ndani ya jengo), na malipo yafuate hatua za ujenzi: nguzo zikisimama unalipa, paa likiezekwa unalipa. Kwa nyumba iliyokwisha kujengwa, kawaida ya mawakili wetu ni dipoziti ya asilimia 10 inayokaa kwa wakili mpaka uhamisho ukamilike. Anayedai apewe zote mkononi na kwa haraka, mwache.

Mlio ng'ambo, msimtume ndugu kwenda "kuangalia jengo" tu. Jengo lipo, mlinzi yupo, mchanga umemwagwa pale. Mtumeni kwenye rejista.

Na nyinyi ambao mmeshalipa kampuni hii, simamisheni malipo ya mwezi ujao mpaka mzungumze na wakili. Kusimamisha bila barua kunaweza kuwapa sababu ya kusema mmevunja mkataba, kwa hiyo barua kwa kampuni itangulie. Mwenye mkataba wa mauzo ana haki ya kuomba zuio (caution) liandikishwe kwenye hati chini ya kifungu cha 71 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, ili kiwanja kisihamishwe kimyakimya tukiwa bado tunalia. Pigeni ripoti polisi, chukueni namba ya OB (kitabu cha matukio cha polisi), na mtunze kila risiti, ujumbe na sauti ya WhatsApp, hata zile za ajenti aliyewapeleka, kwa sababu baadhi yao wameshafuta akaunti zao. Wakili wetu anakusanya mikataba ili ajue kila namba ya nyumba imeuzwa mara ngapi. Kama majina matatu na Jumapili isiyofika umeyatambua, niandikie faraghani nikutumie ukurasa wa sahihi uulinganishe na wako.