Kigomasha kwa miguu: huduma ya mwongozaji, pwani ya kaskazini Pemba

Ukifika Chake Chake na watu wakaanza kukutafutia Noah ikupeleke mnara wa Kigomasha, ule wa taa ya kuongozea meli, upige picha na urudi kabla ya chakula cha mchana, kataa. Gari litakufikisha kweli, ila pwani yenyewe hutaiona. Sisi tulikuwa watatu, mimi, shemeji yangu na shangazi, tukamchukua kijana mwenyeji wa Konde atutembeze siku nzima, kidogo kwa bodaboda na sehemu kubwa kwa miguu. Jina lake silitaji kwa kuwa sikumwomba ruhusa. Uliza getini Msitu wa Ngezi, pale hawakosi mtu wa kukuongoza.

Nampa nyota nne kati ya tano. Ile moja niliyoinyima nitaieleza mbele.

Tulikubaliana shilingi elfu tisini kwa wote watatu, pikipiki zikiwemo. Kiingilio cha msitu ni mbali na hiyo, unalipa getini na unapewa risiti. Mwananchi halipi sawa na mgeni wa nje, kwa hiyo usisahau kitambulisho.

Kilichonifanya nimwamini ni simu ya jioni ya kuamkia safari. Hakuuliza tunataka kutoka saa ngapi. Alisema, "Kesho bamvua, maji yatakauka kwenye saa nne na nusu asubuhi. Nataka saa tatu tuwe tushafika mchangani." Bamvua ni zile siku ambazo bahari inajaa na kukupwa kuliko kawaida. Shangazi, ambaye amekulia Tanga akichokoa pweza tangu hajavunja ungo, akainyakua simu. "Na kesho kutwa yake, mwanangu, yatakauka saa ngapi?" Akajibiwa, "Saa tano na dakika kama ishirini, bibi." Shangazi akanirudishia simu, akasema huyu tumchukue.

Ngezi tulipita asubuhi mapema na sitakaa nayo sana, maana msitu unastahili siku yake. Ni kipande kilichosalia cha msitu mkubwa uliokuwepo kabla mikarafuu haijatawala kisiwa. Kuna mivule mirefu, na kuna mpapindi, mnazi-mwitu mwembamba wa Pemba. Kima punju walioletwa kutoka Unguja miaka ya 1970 hatukuwaona. Popo tuliwaona, wale wa Pemba wasiopatikana kwingine duniani, wenye manyoya ya rangi ya kutu na mabawa ambayo yakikunjuliwa yanapita mita moja na nusu. Shemeji ni wa Wete na anakumbuka wazee wakiwasifia kwa mchuzi. Walikaribia kwisha kabisa kabla watu hawajaanza kuwalinda, na ukitaka kuwaona wengi kwa pamoja nenda Kidike.

Njia inatokea Vumawimbi. Mchanga mweupe, mrefu, hakuna kiti cha kukodi wala muziki. Wakati tunafika kulikuwa na ngalawa chache zimepandishwa juu na dago, yaani kambi ya wavuvi, limeezekwa makuti, nyavu zimeanikwa. Upepo wa kaskazi ulikuwa umeshika, kwa hiyo mawimbi yalikuwa yanakuja moja kwa moja ufukweni, na yule kijana alituambia wazi kwamba hapa leo hatuogi. Nilipenda hilo. Nimewahi kutembezwa na watu ambao wangekuacha uingie ili ufurahi na uongeze bakshishi.

Sasa mchanga ukiisha upande wa kaskazini ndipo safari inapoanza. Ni majabali ya matumbawe ya kale, yaliyokuwa chini ya bahari zamani sana na sasa yamesimama juu yake, meusi kwa kijivu, yamechongoka kila mahali. Bahari imeyala kwa chini, juu yakabaki yamening'inia kama paa la baraza. Maji yakikupwa unapita chini ya hilo paa, juu ya mwamba bapa wenye vidimbwi. Maji yakijaa yanagonga ukuta, na hakuna mahali pa kupita wala pa kupandia. Ndiyo maana nasema unachomlipa mtu huyu ni hesabu ya maji. Njia yenyewe hata mtoto anaiona.

Tazama anavyotembea. Alivaa yeboyebo za plastiki, hakanyagi penye majani ya kijani hata mara moja, anakanyaga pale mwamba ulipokwaruza, pakavu, na kabla ya kuegemea jabali analigusa kwanza kwa nyuma ya vidole. Shemeji alikuja na raba mpya za dukani, nyayo laini, na kila dimbwi lilimtisha. Shangazi naye alikuwa na yeboyebo zake na kanga kaikaza kiunoni, akatangulia. Kwenye vidimbwi kuna samaki wadogo wenye milia, kaa wanaokimbia kwa ubavu, na yale madudu ya miba mirefu meusi ambayo ukiyakanyaga siku imeharibika. Mwongozaji alikuwa anayaonyesha kwa fimbo kila yalipo, bila kuchoka, hata kama ameshasema.

Tulimkuta mama mmoja na mchokoo wake, fimbo ya kutolea pweza, ameinama kwenye shimo. Shangazi akasimama, wakaulizana hali, wakaulizana watoto, wakaulizana bei. Nikajua hapa tumekaa. Mwongozaji akaangalia bahari, akaangalia saa ya simu, akangoja kidogo, kisha akasema kwa adabu, "Bibi, maji yashageuka." Pweza akanunuliwa papo hapo, akafungwa kwa ukili wa mnazi-mwitu uliosukwa, tukaondoka naye. Mifuko ya plastiki Zanzibar ilipigwa marufuku tangu 2006, na kwa pweza nadhani ukili ni bora hata hivyo.

Mnara uko kwenye ncha ya Ras Kigomasha. Ni wa chuma, ulijengwa na Waingereza mwaka 1900, na ndani kuna ngazi nyembamba inayozunguka ambayo mtu mnene ataifikiria mara mbili. Hapa ndipo nyota ya tano ilipopotea. Tumefika tumechoka, jua la utosini, ndiyo tunaambiwa kupanda kuna malipo kwa mtunzaji. Si hela nyingi na sina kinyongo na mtunzaji, kazi yake ni kazi. Lakini mwongozaji anakuja hapa kila mara, alikuwa na nafasi ya kusema tangu kwenye simu. Vilevile maji ya kunywa alileta chupa moja ndogo, yake. Kwa jua lile mteja aambiwe mapema: lita mbili kila mtu, na kitu cha kutafuna, kwa sababu njiani hakuna duka.

Juu, upepo unakuziba masikio. Upande wa mashariki unaona mstari mweupe wa mawimbi yanapovunjikia mwambani, yaani kule kule tulikopita, na kufikia wakati huo palikuwa pamefunikwa. Upande wa magharibi ni Mkondo wa Pemba, bahari iliyo kati ya kisiwa na bara. Rangi ya maji inabadilika ghafla, kutoka kijani hafifu hadi buluu nzito, maana kina kinashuka upesi na mkondo wenyewe una zaidi ya mita 800. Shemeji aliyepita hapo kwa meli maisha yake yote alikaa kimya akiangalia. Mimi nilikuwa nashikilia mtandio wangu usiondoke.

Tulirudi kwa upande wa magharibi, ambako kaskazi haifiki kwa nguvu na bahari ilikuwa imetulia. Tukaoga, wanawake na madera yetu, na hakuna aliyetushangaa. Huko ndiko kuna hoteli yenye chumba kilicho chini ya maji. Sina maoni, bei yake si ya watu wa daladala. Ukipita vijiji vya Makangale jifunike vizuri, hii si Nungwi ya watalii kule Unguja. Na usimpige mtu picha kabla hujamsalimu.

Kwa wanaopanga: chagua siku za bamvua, karibu na mwezi mwandamo au mwezi mpevu, maji yakauke asubuhi. Siku za maji mafu hayakupwi vya kutosha na pale chini ya majabali hupiti. Masika njia ya msituni inakuwa tope na pikipiki zinateleza, mimi nisingepeleka mzazi. Mwenye goti bovu aende na gari mpaka mnarani, hakuna aibu.

Bei yote pangeni kwenye simu, pamoja na ya mnara, na ulizeni nani analeta maji. Daladala za kurudi kutoka Konde hupungua jioni, kwa hiyo muulize dereva asubuhi gari la mwisho linaondoka saa ngapi, au elewana kabisa na bodaboda akufikishe Wete. Pweza tulimla Wete kwa nazi, na shangazi anasema yule mama alimuuzia kwa bei ya Tanga.