Uriah Heep: tiketi ya kukutana na bendi inafaa kununuliwa?

Ndugu watazamaji, karibuni. Leo nachambua tiketi ya Uriah Heep, bendi ya roki ya Uingereza, ile ya bei ya juu inayokuingiza ukumbini mapema ukutane na bendi kabla ya onyesho. Mimi niliitumia hapa Ujerumani.

Kwa msiowafahamu, hawa walianza London mwaka 1969. Mwaka 1987 walipiga Moscow maonyesho kumi, enzi ambazo bendi za roki za Magharibi zilikuwa nadra kuonekana kule. Mwanzilishi aliyebaki ni mpiga gitaa Mick Box, aliyezaliwa 1947. Mwimbaji Bernie Shaw na Phil Lanzon wa kinanda waliingia 1986, kwa hiyo msiwaite wageni!

Kukutana nao ni kufupi. Foleni, salamu, santuri inasainiwa, picha, mwingine anapita. Nilimwambia Box kwamba nyumbani kwetu kanda yao ilipigwa mpaka ikachakaa. Alinisikiliza hadi nikamaliza, na mkono hakuuachia. Kwangu hilo limelipa. Nendeni na neno lenu tayari mdomoni, maana muda wa kulitafuta pale haupo.

Sasa onyesho lenyewe, jamani! Mtazameni Box mikono. Wa kushoto unabana nyuzi na sauti inaendelea kutoka, wa kulia umepaa hewani unapunga juu ya gitaa kama mganga. Kwenye santuri utalisikia hilo gitaa miaka yote usijue linapigwaje. Ogani ya Hammond, kile kinanda cha umeme, inanguruma mpaka kifuani, na sauti za kuimba zinapandana, ile alama yao tangu zamani. Ikaja "Lady in Black" ya 1971: kodi mbili tu za gitaa (chords), na kiitikio hakina hata neno moja. Ukumbi mzima ukaimba, na nilikuwa naimba huku machozi yananitoka.

Ngoma za Russell Gilbrook ni nzito, bebeni vizibo vya masikio. Sauti iliyo safi zaidi niliipata karibu na meza ya fundi mitambo.

Kama pesa ni ya kubana, chukua tiketi ya kawaida, wahi, simama upande wa Box. Lakini kama umekua na nyimbo zao, lipia ile kubwa. Ziara waliyoianza 2025 wameiita ya kuaga. Tarehe na bei ziangalieni kwenye tovuti ya bendi yenyewe, kwa sababu walanguzi wanapandisha sana.