Mitumba ya Mtwara mjini: wahi mashati ya pamba, jinzi za kuvutika ziache

Anayependa nguo za zamani akifika kwenye mitumba ya soko kuu la Mtwara mjini atakuta biashara mbili, na ni vizuri azitofautishe kabla hajatoa pesa. Kuna wanaotundika: shati moja moja kwenye henga, limepigwa pasi, limechaguliwa Dar es Salaam kabla halijapanda basi. Na kuna wanaomwaga: robota la kilo 45 linakatwa kamba, nguo zinaangushwa juu ya turubai, kila mtu anachambua mwenyewe. Za kutundika bei yake huwa juu mara kadhaa kuliko za turubai, na unacholipia pale ni jicho la muuzaji. Shida ni kwamba jicho hilo linatafuta kinachotoka haraka: jina kubwa kifuani, rangi kali, suruali ya kubana. Shati zito la pamba, kola pana, vifungo vya kombe la baharini, linaonekana la wazee. Linabaki chini kwenye turubai, na hilo ndilo la kuwahi.

Vifungo vyenyewe ni dalili nzuri ya umri na ya ushonaji mzuri. Gusisha kimoja shavuni: cha kombe ni cha baridi hata saa saba mchana, cha plastiki kina joto la hewa. Mshonaji aliyetia kombe hakubania kitambaa.

Baada ya hapo nenda kwenye kola, lebo iache kwanza. Kunjua kola uangalie mkunjo unaogusa shingo, kwa sababu shati la mwanaume huanza kufa hapo: ndevu na jasho vinasaga nyuzi mpaka zinatoa manyoya. Kola iliyochakaa hivyo isikufanye uliache shati, ikufanye ushushe bei. Fundi cherehani anayeijua kazi ataifumua kutoka kwenye ukanda wa shingo, ataigeuza upande wa chini uwe juu, kisha ataishonea palepale. Ila chungulia chini yake kabla hujalipa. Ukikuta vijifuko vya vile vijiti vya kunyoosha ncha, au kitambaa cha chini ni tofauti na cha juu, kola hiyo haigeuziki. Iliyovimba mapovu nayo iache, maana gundi ya ndani imeshaachia kwa joto la pasi na hairudi tena.

Halafu ingiza mkono ndani ya shati, ulielekeze kwenye mwanga. Tazama viwiko, kwapa na mgongo wa juu. Pamba iliyochoka itakuonyesha vidole vyako. Vidoa vyeusi vidogo vilivyokaa makundi makundi ni koga, nguo ililala na unyevu. Harufu ya koga hutoka, vidoa vyake kwenye pamba karibu havitoki.

Muuzaji akisema "hiyo pamba tupu, kaka", uzi utakuambia zaidi. Ukishalinunua, chomoa uzi mmoja kwenye ukingo wa mshono wa ndani, uuchome nje, mbali na nguo za watu. Pamba huungua kama karatasi na kuacha majivu laini. Poliesta huyeyuka, hujikunja na kuacha kidonge kigumu cheusi. Ukiona majivu na kidonge pamoja, ni mchanganyiko: hukauka upesi na haukunjamani, lakini unashika harufu ya jasho, na joto la Mtwara la Novemba halisamehe.

Kasoro kubwa ya huduma nzima ni kwamba pa kujaribia hakuna, na ukishalipa hakuna kurudisha. Saizi iliyoandikwa haisaidii, kila nchi ina vipimo vyake. Dawa yake ni uzi wenye mafundo: nyumbani tandaza shati lako linalokukaa vizuri, pima bega hadi bega na kwapa hadi kwapa, piga fundo kila kipimo, uzi uweke mfukoni. Bega ndilo la kutofanyia mzaha. Ubavu fundi anaupunguza kwa mshono mmoja kila upande. Bega likizidi, mkono wote unafumuliwa, na mara nyingi shati linarudi limepotea umbo.

Jinzi zinahitaji ukali zaidi. Zenye lastiki ziache. Vuta paja: lisiporudi, au ukiona vinyuzi vyeupe vimechomoza kama nywele, lastiki imekatika na hakuna fundi wa kuitengeneza. Jinzi ya pamba tupu iliyopauka magotini ina miaka mbele yake ikiwa mapaja kwa ndani bado ni mazima. Zipu ipandishe na kuishusha mara kadhaa; ikiachia nyuma ya kichwa chake kinachoteleza, minya kichwa hicho kidogo kwa koleo, lakini meno yakikosekana chini, hesabu gharama ya zipu mpya. Ukikuta kibandiko chekundu cha mfukoni cha Levi's kimeandikwa kwa herufi kubwa tupu, LEVI'S, hiyo ni alama ya kabla ya 1971, ingawa nakala za kisasa nazo huwekewa, hivyo kitambaa na mishono vikubaliane na umri huo. Lebo ya "Made in West Germany" nayo inakupa umri: ni nguo ya kabla Ujerumani haijaungana, Oktoba 1990.

Kwa nini usumbuke hivi kwa shati la elfu chache? Kwa sababu shati la pamba la zamani limeshamaliza kubadilika. Jipya hurudi, huchuja, hupinda mishono. Hili limefuliwa miaka, ulivyolikuta ndivyo litakavyokaa. Na harusini Mikindani hutakutana na mwenzake. Shati kubwa la kiume, mikono imekunjwa mara mbili, juu ya khanga au kikoi, linapendeza kuliko gauni jipya la dukani, na hilo nalisema bila kusitasita. Kiwiko kikitoboka, kitie kiraka cha kitenge kwa ndani, kichungulie.

Nenda kabla ya Oktoba. Pesa za korosho zikishaanza kuingia, turubai linajaa watu na bei haishuki. Masweta waachie wa Newala, wenye baridi yao ya Juni na Julai.

Kwa harufu ya stoo, loweka shati nusu saa kwenye lita kumi za maji baridi na kikombe kimoja cha siki nyeupe, kisha fua. Siki usiichanganye na jiki hata kidogo, hewa yake ni sumu. Kama maji ya kisima chako yana chumvi na sabuni haitoi povu, suuza ya mwisho iwe kwa maji ya bomba au ya mvua. Anika kivulini, umegeuza ndani nje. Msimu wa mabibo usilivae shambani: maji ya bibo huacha doa la kahawia lisilotoka. Na usilitundike kwenye henga ya waya. Hewa ya bahari huitia kutu. Doa la kutu begani limao na chumvi juani hulipunguza kwenye shati jeupe, kwenye la rangi huondoka na rangi yenyewe.