Commonwealth Short Story Prize kwa anayeandika Kiswahili

Tuzo nyingi za nje hutaka Kiingereza, na nyingine hutoza ada. Hii, tuzo ya hadithi fupi ya Jumuiya ya Madola, haitozi hata senti, na hadithi ya Kiswahili inapokelewa kama ilivyo. Mshindi wa kila kanda, Afrika ikiwa mojawapo ya tano, hupata pauni 2,500. Mshindi mkuu hupata 5,000.

Kinachoangaliwa ni uraia, popote unapoishi. Mkenya aliyeko Muscat anaruhusiwa, Mnyarwanda pia. Mrundi na Mkongomani hawamo, maana nchi zao si wanachama wa Jumuiya ya Madola. Umri ni miaka 18 na kuendelea, hadithi moja tu kwa mwaka.

Urefu ni maneno 2,000 hadi 5,000, na hapa Kiswahili kina mtego wake. “Hawakunitambua” ni neno moja. Kiingereza kingehesabu manne au matano. Kwa hiyo hadithi inayoonekana ndefu kwa macho inaweza kuwa na maneno 1,900, na hiyo haipokelewi. Hesabu kwa kompyuta, usikadirie kwa kurasa. Jina lako lisionekane popote ndani ya faili, hata pale juu ya ukurasa ambapo programu hulichomeka yenyewe.

Hadithi iwe haijachapishwa, kitabuni wala mtandaoni. Blogu yako binafsi imesamehewa. Gazeti la mtandaoni la mtu mwingine halijasamehewa. Unaweza kuituma kwingine wakati huohuo, ila ikikubaliwa huko wajulishe mara moja.

Dirisha la kutuma hadithi hufunguliwa Septemba na kufungwa mwanzoni mwa Novemba. Tuma wiki moja kabla, intaneti ya usiku wa mwisho haina adabu.

Kasoro yake kubwa ni tafsiri. Wasomaji wa Kiswahili huchuja kwanza, lakini hadithi ikifika mbali majaji huisoma kwa Kiingereza. Hadithi iliyosimama juu ya mafumbo na utani wa lafudhi itapoteza nusu ya utamu njiani. Yenye tukio zito na wahusika walio hai husafiri vizuri zaidi. Ushindani nao ni mkali: kila mwaka huingia hadithi elfu kadhaa.

Washairi hawana nafasi hapa, wala hadithi za watoto. Mtanzania mwenye mswada wa aina hiyo aangalie Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania.